Sigara Iliyopimwa kwa Mizani

Bartolomayo Ndahani alikohoa mbele ya Afisa Masoko, na kwa kikohozi hicho tukapoteza mkutano.

Nieleze, maana wapo wanaodhani mkutano wa soko ni kelele tu. Pale Majengo, upande wa nafaka, msemaji hushika bambo, kile chuma chenye ncha ambacho mnunuzi hukichoma ubavuni mwa gunia ili punje zitoke aone anachonunua. Ukilishika, soko zima linanyamaza. Unaweza kuulizwa swali na ukalijibu, lakini hakuna anayehutubia isipokuwa wewe. Ukiliachia, umemaliza, na hurudishiwi siku hiyo hata kama nyumba yako inaungua. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo. Ndiyo maana inafuatwa.

Bartolomayo alikuwa amesimama kwa niaba yetu sisi wabeba magunia kudai jambo moja: gunia lipimwe kabla halijapanda mgongoni mwa mtu. Magunia yetu ni ya lumbesa. Linajazwa mpaka mdomoni, linashonewa kofia juu, kisha kofia nayo inajazwa. Sheria inakataza tangu mimi sijaota ndevu. Mkulima analipwa gunia, sisi tunalipwa kubeba gunia, na kofia haitajwi popote. Kofia hiyo ndiyo iliyomvunja mwenzetu Ernest nyonga kwenye ubao wa kupandia lori. Bartolomayo alikuwa hatua moja nyuma yake. Wengine waliokuwepo walikuwa wanategemea magunia ya Generosa ili watoto wao wale, kwa hiyo hawakuwa wameona kitu.

Generosa ni mwenyekiti wa wafanyabiashara wa nafaka. Ana maghala, ana malori, na ana sauti ya upole ambayo sijawahi kuiona ikimfaa mtu mwingine. Bartolomayo alipofika katika hoja pale Ernest anapoteleza, kifua kikamshika. Alikohoa akainama, akakohoa akapiga goti.

"Pole, baba. Pumzika," Generosa akamwambia, akalitoa bambo mkononi mwake taratibu kama anayempokea mgonjwa kikombe.

Basi. Afisa Masoko akasema hoja ya walalamikaji haikukamilika, italetwa tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na safari hiyo ataitolea uamuzi wa moja kwa moja. Ikishindikana hapo, faili linafungwa.

Mke wa Bartolomayo, Restuta, ambaye anauza karanga mlango wa pili wa soko, alimwokota akampa maji.

"Umeongea vizuri, Baba Devota," akasema. "Hasa pale mwanzo."

Zahanati, muuguzi alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, halafu akamwambia aache sigara. Bartolomayo akauliza aanze lini. Muuguzi akasema mwaka ambao alianza kuvuta ungekuwa mzuri, lakini hata leo inafaa.

Akaacha. Nataka nimtendee haki: aliacha kweli. Alijaribu ugoro kwanza, kwa kuwa wazee wake walikuwa watu wa ugoro, na ugoro ukamletea chafya. Tukaona hapana. Anayekohoa watu humwonea huruma. Anayepiga chafya tisa katikati ya hoja watu humhesabia. Akajaribu jojo. Akajaribu karanga za mke wake, mpaka mke wake akamzuia kufika mlango wa pili. Kisha hasira zikaja. Tulikuwa tukifanya mazoezi nyuma ya ghala, mimi nikijifanya Generosa, kwa sababu mimi ndiye katibu na katibu hupewa kazi zote ambazo hazina heshima. Nikimwuliza swali moja la upole, ananitukana mpaka kwa babu, halafu anasahau Ernest alivunjika wapi.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu. Bila sigara alikuwa na pumzi lakini hakuwa na la kusema. Akivuta alikuwa na la kusema lakini hakuwa na pumzi. Kubadili msemaji haikuwezekana, kwa sababu aliyeona alikuwa yeye, na aliyekwisha kunyimwa kazi na Generosa, asiye na cha kupoteza tena, alikuwa yeye huyohuyo.

Octavian, fundi wa kuchomelea kule Kizota, ndiye aliyetaja sigara ya umeme. Alisema ina kile kinachomtuliza mvutaji lakini haina moshi wa kuungua. Tulimpelekea muuguzi habari hizo.

"Mimi nilisema aache," muuguzi akasema. "Sikusema abadilishe. Kile kinachomfunga kimo humohumo."

"Ni mpaka Jumamosi tu, mwanangu," Bartolomayo akamwambia.

"Wote mnasema hivyo. Msiende kusema nimewaruhusu."

Hatujasema hivyo, na hapa nasema tena: hakuturuhusu.

Tukaenda kwa Alnashir. Duka lake liko mtaa wa nyuma ya soko, la nyaya, swichi, taa na pasi, na tumelifahamu tangu likiwa la baba yake. Siku hizi binti yake Nargis ameweka kabati la kioo karibu na mlango kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, na humo ndani ndimo sigara za umeme zilimokuwa. Wanafunzi wanaziita vepu.

"Shikamooni, wazee," Nargis akasema.

"Marahaba, mwanangu. Tunataka sigara ya umeme. Ya mtu mzima."

Nargis akatoa moja yenye kioo kinachowaka. Ndani ya kioo nyota zilikuwa zinaanguka.

"Hii unavuta pafu elfu thelathini mpaka iishe," akasema. "Betri mbili. Ina mwendo wa kawaida, mwendo wa nguvu, na wa nguvu zaidi. Inaonyesha chaji, inaonyesha juisi imebaki kiasi gani, inaonyesha saa."

"Saa ninayo."

"Na hizo nyota ni za nini?" mimi nikauliza.

"Ni urembo tu, mzee."

"Nani alizihesabu?"

"Nyota?"

"Pafu. Elfu thelathini. Nani alikaa kitini akavuta mara elfu thelathini huku anahesabu?"

Nargis akageuza boksi. "Imeandikwa hapa."

Mimi maandishi ya kwenye boksi nayajua. Kijijini kwetu, kwenye njia ya kwenda Mtera, ililetwa pampu ya maji nikiwa bado nachunga mbuzi. Ubavuni mwake waliandika lita inazotoa kwa saa, tarakimu nyeupe, kubwa, mtu anazisoma akiwa ng'ambo ya korongo. Waliokuja kuikabidhi walipiga picha pamoja na zile tarakimu. Pampu ikatoa maji mpaka magari yao yalipoondoka, ikaendelea kidogo kwa heshima ya wageni, ikanyamaza. Mama zetu wakarudi kufukua mchanga kwenye korongo. Rangi ile ilikuwa nzuri sana. Tarakimu hazijafutika hadi leo, na kila nikienda kuzika mtu huko huwa nazisoma. Baada ya pampu ikaja mbegu ambayo mfuko wake ulitaja magunia kwa ekari. Baada ya mbegu likaja trekta lenye nguvu za farasi wengi, na farasi wote wakafa masika yaleyale. Sijawahi kumwona aliyeandika namba akirudi siku ya kuidai. Watu wananiambia nina kinyongo. Sina kinyongo. Nina kumbukumbu.

Kwa hiyo nilimwambia Bartolomayo asiguse kitu chenye maelfu, na yeye akakubali, kwa sababu na kwao iliwahi kupelekwa pampu.

Alnashir akatokea nyuma ya pazia anafuta mikono.

"Mzee Barto, achana na nyota. Chukua hii." Akaweka mezani kitu cha kijivu, cha chuma, kama tochi ndogo ya mlinzi. Hakina kioo. Kina kitufe na kitaa kimoja. "Betri unatoa unaweka nyingine. Koili, ule waya wa kuchemsha juisi, ikiungua unabadilisha yenyewe peke yake, hutupi chote. Mimi nilikuwa navuta pakiti na kitu kwa siku. Hii yangu imeanguka ngazini, imeingia kwenye ndoo, bado iko."

"Ina pafu ngapi?" Bartolomayo akauliza. Namba ni ugonjwa, inamshika hata anayeichukia.

"Sijui. Haijaandikwa."

"Bei yake?"

"Nusu ya ile ya nyota."

Bartolomayo akanitazama, nami nikamtazama. Tumenunua kwa Alnashir swichi zilizofanya kazi na swichi zilizogoma, na hatujawahi kumwona akimvuta mteja kuelekea bei ndogo. Mfanyabiashara akikusukuma upande huo, unajiuliza anataka kuondoa kitu gani dukani.

"Alnashir," Bartolomayo akasema, "sisi Jumamosi tunakwenda kudai mizani. Itakuwa aibu leo tununue kwa macho."

"Unataka kufanya nini?"

"Kupima."

"Kupima vepu?"

"Kupima. Kitu kilichojengwa kidumu kina uzito wake. Jembe zuri ni zito. Sufuria nzuri ni nzito. Kitu chepesi kimetengenezwa na mtu aliyekuwa anawahi basi."

Alnashir akamgeukia binti yake. "Nargis, wafuate," akasema. "Wasije wakazipoteza."

Tulivuka mpaka kwa Rukia, muuza viungo, mwenye mizani ndogo ya kupimia iliki na karafuu. Rukia aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Tulipima zote tulizobeba, moja moja, na watu wakaanza kukusanyika, kwa sababu saa ile soko lilikuwa limepoa. Ya nyota ilikuwa nyepesi kama kiberiti, watu wakaguna. Ya kijivu ilikuwa nzito kiasi. Kisha ikawekwa moja nyeusi, pana kama kipande cha sabuni ya kufulia, na sahani ya Rukia ikashuka ikagonga meza.

"Hiyo," Bartolomayo akasema.

"Hiyo ni mpya, mzee," Nargis akasema. "Hata mimi siijui vizuri."

"Mizani inaijua."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Tuliona tumefanya jambo la mfano, na Rukia akasema zote sasa zitanukia karafuu, hakuna atakayemlipa.

Siku zilizofuata zilikuwa njema. Bartolomayo aliivuta kwa adabu, pafu mbili asubuhi, mbili baada ya kula, akaacha kunitukana. Hoja ikarudi kichwani mwake yote, kuanzia ubao wa lori mpaka nyonga. Restuta alisema kwa ile juisi yake nyumba inanuka zabibu kama kiwanda cha mvinyo, ila mvinyo wenyewe hauonekani. Kikohozi kilikuwepo bado, lakini kimekuwa kifupi, cha mtu anayebisha hodi, si cha mtu anayevunja mlango.

Alhamisi ikazima. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati pamoja na jasho na pumba za mahindi, mahali ambapo kila kitu chetu huishi. Bartolomayo akaibonyeza. Kioo kikawaka, kikaonyesha chaji imejaa. Akavuta. Hakuna.

"Inasema imejaa," akaniambia.

"Sasa mbona haitoi?"

"Labda imejaa kitu kingine."

Alikuwa anatania. Tukaipeleka Kizota kwa Octavian, ambaye aliweka miwani yake ya kuchomelea pembeni, akachukua bisibisi ndogo, akaipasua ile nyeusi kama anayefungua kopo la samaki. Akapanga vitu mezani kimoja baada ya kingine.

"Hii betri," akasema. Ilikuwa ndogo kama kidole cha mtoto. "Hii pamba ya juisi. Huu waya, umekatika. Na hiki ni chuma."

"Chuma cha kazi gani?"

Octavian alikigeuza akitafuta mahali kinapounganishwa. Hapakuwepo. Kilikuwa kimebandikwa kwa gundi.

"Cha kuwa kizito," akasema.

Bartolomayo akakipokea. Kilikuwa kipande kizuri, kimekatwa kwa unyoofu, kimelainishwa kingo, hakina hata doa la kutu. Ndani ya kitu kile chote, hicho ndicho peke yake kilichotengenezwa kwa uangalifu. Mtu fulani, mahali fulani, alijua kwamba duniani wamo watu wasioamini maandishi ya kwenye boksi, akawatengenezea na wao cha kwao. Nilikaa juu ya gurudumu la mkokoteni nikamfikiria mtu huyo. Sijamaliza kumfikiria.

Kabla ya jioni soko lote lilikuwa na habari. Kijana mmoja wa lori alimpigia kelele Bartolomayo kutoka juu ya shehena: "Mzee, hili lina mahindi au lina chuma?" Mwingine akamshauri ampime mke wake. Na Generosa, alipopita kwenye gari lake, alishusha kioo akampa pole. Hakutaja pole ya nini.

Bartolomayo alinunua sigara moja ya reja reja kibandani akaishika bila kuiwasha. Tulikuwa tumekaa nyuma ya meza ya karanga.

"Nitasimama niseme nini, Katibu?" akaniuliza. "Kwamba mizani itatuokoa? Wataniambia nitoe kile chuma niwaonyeshe."

"Kwani utavuta hiyo au utaitazama?" Restuta akauliza.

"Naitazama."

"Itazame ukitembea. Nenda kwa Alnashir. Yule alikushauri ya kijivu, ukaona anakuibia. Kamwulize alijuaje."

Tulimkuta Alnashir anafunga nyaya. Bartolomayo aliweka mezani ile nyeusi iliyopasuliwa, na kile chuma kando yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Kwa nini hukuniambia kwa nguvu?"

"Mzee Barto, ulichukua bidhaa zangu ukazipeleka kwenye karafuu. Ningekushika shati?"

"Ulijuaje kuwa ina chuma?"

"Sikujua ina chuma. Mimi sifungui, wala sisomi boksi." Akainama, akavuta katoni kutoka chini ya meza kwa mguu. "Mimi naangalia kinachorudi. Baba yangu alikuwa hivyo na pasi, na mimi niko hivyo."

Ndani ya katoni kulikuwa na mchanganyiko wa kila aina: swichi, chaja, taa za jua. Na vepu. Za nyota zilikuwa nyingi, moja bado inaangusha nyota zake ingawa haivutiki. Nyeusi zilikuwa mbili, na duka lilikuwa limezipokea mwezi uleule. Bartolomayo akachambua mpaka chini kwa mkono wake.

"Ya kijivu iko wapi?"

"Haimo."

"Labda hainunuliwi."

"Inanunuliwa. Wanarudi kununua koili. Hawarudi kugombana."

Hapo mimi sikuweza kunyamaza. "Kwa hiyo unajua," nikasema. "Katoni unayo, miguuni pako. Na bado hizo zinazorudi zimo kwenye kioo pale mlangoni, zinawaka."

"Watu wanataka nyota, Katibu."

"Mnawasha nyota mlangoni, ya kijivu mnaificha nyuma ya pazia, halafu mnasema watu wanataka nyota."

Nargis, aliyekuwa kwenye kiti chake na simu, aliiweka chini, akafungua kabati, akaanza kutoa zile nyeusi moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye katoni. Hakumwuliza baba yake. Baba yake alimtazama mpaka ya mwisho, kisha akaingia nyuma ya pazia akarudi na ya kijivu.

"Tunabadilishana," akamwambia Bartolomayo. "Usiongeze kitu."

Bartolomayo akaipokea, akanyoosha mkono mbele yake, akaiachia. Nargis alifumba macho. Iligonga sementi, ikabiringika mpaka kwenye mguu wa ngazi. Akaiokota, akaipuliza vumbi, akabonyeza, akavuta. Ikatoa. Aliiacha dukani ile sigara ya kibandani, haijawashwa, pembeni ya kile chuma, tukaondoka.

Jumamosi soko lilijaa. Walikuja hata ambao hawana gunia, kwa ajili ya kicheko. Afisa Masoko alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, Generosa kulia kwake. Bartolomayo akapewa bambo.

Alisema yote. Alisema kuhusu ubao wa lori uliolowa, kofia ya gunia iliyolala upande wa kushoto, mguu wa Ernest ulivyotafuta pa kukanyaga na kukosa. Mara moja aligeuka pembeni akavuta ya kijivu, akarudi. Alipofika pale pa nyonga, kifua kikapanda. Akakohoa. Generosa akainuka, mkono mbele, uso umejaa huruma.

"Pole, baba."

Bartolomayo alikumbatia bambo kwa mikono miwili, akakohoa akiwa nalo, kichwa chini, mpaka kikaisha. Ile ya kijivu haikumtibu kifua, na hakuna aliyesema ingemtibu. Ilichofanya ni kwamba aliponyanyua kichwa alikuwa bado anajua yuko wapi, na hakumtukana mtu.

"Asante, mama," akasema. "Bado ninalo."

Generosa hakukaa. "Basi niulize swali moja dogo, Baba Barto. Ni kweli wiki iliyopita ulipima kitu kwa Rukia?"

Vicheko vikaanza nyuma.

"Kweli."

"Ukachagua kizito kuliko vyote?"

"Nilichagua."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Chuma."

Walicheka mpaka turubai likatikisika. Hata Afisa aliinamia viatu vyake. Generosa akasubiri wamalize, kisha akaongeza swali juu ya swali. "Unaona mwenyewe? Mizani nayo si inadanganywa? Si bora tuendelee tunavyoishi, kwa kuaminiana?"

Nilidhani tumekwisha. Nilikuwa naangalia mahali pa kutokea. Bartolomayo alisubiri mpaka watu wakachoka kumcheka.

"Mizani ya Rukia haikudanganywa," akasema. "Ilisema ni kizito, na kilikuwa kizito. Mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo lake. Nilitaka kujua kama kitadumu. Mizani haijui habari hizo." Akavuta pumzi. "Lakini kwenye gunia sitaki kujua kama litadumu. Sitaki kujua kama ndani kuna mahindi, au mtama, au chuma. Ernest hakuvunjwa na mahindi. Mgongo haufungui gunia kuangalia. Mgongo unabeba uzito, na uzito ndio kitu pekee ambacho mizani inakijua. Wekeni chuma humo ndani mkitaka. Tupimieni tu."

Afisa Masoko alinyanyua kichwa akauliza kama mizani kubwa ya soko ipo. Ipo, akajibiwa, iko stoo. Inafanya kazi? Hakuna aliyejua, haijatolewa tangu iletwe. Ikatolewa, ikafutwa vumbi. Vijana wakaleta gunia lililokuwa karibu na lori, kofia yake imesimama kama ya askofu, wakaliweka. Mshale ukazunguka mpaka mahali ambapo tarakimu zinaishia, ukagota.

"Imeishia," Afisa akasema.

"Ni mbovu," Generosa akasema. "Haijatumika miaka yote. Na hilo gunia si langu."

Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Alilitazama kidogo. "Basi ni mbovu tu," akasema.

"Wacha nipande mimi," Bartolomayo akasema.

Akapanda, bambo mkononi. Mshale ukaenda pale ambapo mtu mwembamba wa Dodoma anapaswa kuwa, ukatulia. Bado kulikuwa na nafasi kubwa mbele yake. Akaniita. Nikapanda, tukashikana ili tusianguke, na mshale ukasogea, lakini haukufika mwisho. Gunia lile lilikuwa zito kuliko mimi na Bartolomayo tukiwa tumekumbatiana, na lilikuwa linasubiri mgongo wa mtu mmoja.

Afisa Masoko alitutazama tukiwa pale juu kwa muda ambao haukuwa wa lazima. Kisha akasimama akasema kuanzia saa ile hakuna gunia litakalopanda mgongoni Majengo kabla ya kupimwa, na lenye kofia litafunguliwa palepale mbele ya mwenyewe.

Dereva wa lori akapiga honi. Alikuwa anasubiri gunia hilohilo la mwisho. Generosa akawageukia vijana wake, wale ambao hawakuwa wameona kitu siku ya Ernest. Walikuwa wanaliangalia gunia. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa ile sauti yake. Mmoja akajikuna shingo. Hakuna aliyeinama.

Restuta akaja na gunia tupu na ile sindano kubwa ya kushonea, akaviweka miguuni pa Generosa kama anayemwandalia mgeni chakula. Generosa alisubiri mwingine ajitokeze. Hatimaye akakunja mikono ya gauni, akakata uzi wa kofia yeye mwenyewe, na mahindi yakamwagikia viatuni mwake. Yalijaza zaidi ya nusu ya gunia la pili.

Ndipo yule kijana aliyejikuna shingo akanyoosha mkono. "Samahani, Afisa. Hili la pili tukilibeba, tunalipwa kama gunia au bado ni kofia?"

Generosa akamgeukia Bartolomayo haraka, akifungua kiganja apewe bambo ajibu hilo.

"Sijamaliza," Bartolomayo akasema.